Tabibu Anajibu: Kupunguza Matiti ya Kiume kwa Upasuaji, na Majuma Yanayofuata

Safari hii nafasi yote ya ukurasa nimeitoa kwa barua tatu zinazohusu jambo moja, jambo ambalo wanaume wengi hulibeba miaka mingi bila kulitamka. Barua ya kwanza ndiyo iliyonishika zaidi, na jibu lake litakuwa refu.

Barua ya kwanza

"Assalaam aleikum, Tabibu, na shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina umri wa miaka 27. Tangu nilipokuwa kidato cha pili kifua changu kimetokeza matiti kama ya mwari, na ahadi niliyopewa kwamba yangetoweka yenyewe haikutimia. Kwa miaka mitatu nimepiga pushapu kila alfajiri na nimepungua kilo 11. Tumbo limeingia, kifua kimebaki vilevile. Huvaa singilendi mbili chini ya shati hata wakati wa kaskazi, na sijaoga baharini pale Raskazone tangu nimalize shule. Nilioa mwaka jana, na mke wangu hajawahi kuniona kifua wazi taa ikiwa inawaka. Nimeweka akiba, na daktari mmoja wa Dar es Salaam ameniambia kwamba nafaa kupasuliwa. Nataka nifanyiwe likizo ya Juni bila kumwambia mtu yeyote, nirudi Tanga kwa basi baada ya siku mbili, na shule ikifunguliwa niingie darasani kama kawaida. Je, inawezekana? Maumivu yakoje? Na yakishaondolewa hayarudi?"

Jibu

Waaleikum salaam, Mwalimu, na marahaba. Mwaka 2016, nikiwa na miaka 41 na nimeshawatibu watu wengine kwa muda mrefu, nililazwa mimi mwenyewe kwa upasuaji huuhuu. Kabla ya hapo nilikuwa nikiketi zahanati na kuwaeleza vijana kwamba hali hiyo ni ya kawaida na haina aibu, huku kifua changu nimekizungushia bandeji pana chini ya koti jeupe. Kwa hiyo nitakujibu kwa niliyofundishwa chuoni na pia kwa niliyoyapata kitandani, na pale mawili hayo yatakapotofautiana nitakuambia.

Upasuaji unawezekana. Mpango wa kuuficha na kupanda basi siku ya pili hauwezekani, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza uelewe unachokwenda kukiondoa. Mwanaume naye huzaliwa na tezi ndogo ya titi chini ya chuchu, na tezi hiyo hukua pale uwiano wa homoni unapoegemea upande wa estrojeni, homoni ya kike, kuliko testosteroni, ya kiume. Hali hiyo kitaalamu huitwa ginekomastia. Ukilala chali ukaminya taratibu kwa kidole gumba na cha shahada kutoka pande mbili kuelekea kwenye chuchu, tezi huhisika kama kisahani kinachonesa, ilhali mafuta matupu huwa laini na vidole hukaribiana bila kugonga kitu. Mafuta hupungua kwa mlo na mazoezi. Tezi iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja huwa imeshajaa nyuzinyuzi ngumu, na hakuna pushapu inayoweza kuiyeyusha. Mazoezi yako ya alfajiri yameufaa moyo wako na tumbo lako, na kama kifua hakikubadilika, si kwa sababu ulilegea. Naomba uliamini hilo, kwa sababu mimi nilijilaumu kwa zaidi ya miaka 20 kwa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma kitabuni.

Wala si ugonjwa wa zama hizi. Paulo wa Aegina, tabibu Mgiriki wa karne ya 7, aliandika namna ya kupasua mkato wa mwezi mwandamo chini ya titi la mwanaume na kutoa kilichozidi, na al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1013, akaueleza tena upasuaji huo katika kitabu chake kikubwa cha tiba. Mkato unaotumika zaidi siku hizi, ule wa nusu duara kwenye ukingo wa weusi wa chuchu, ulielezwa na daktari wa Marekani, Jerome Webster, mwaka 1946, na ndio nilio nao mimi.

Hukunieleza kama ulipimwa kabla ya kuambiwa kwamba unafaa kupasuliwa. Matiti yaliyoanza wakati wa kubalehe na kutulia hapohapo kwa kawaida hayana ugonjwa nyuma yake, lakini daktari hawezi kulijua hilo kwa kukutazama tu. Ini lililoharibika, figo zilizoshindwa kazi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, uvimbe wa korodani, hali ya kuzaliwa na kromosomu ya X iliyozidi, pamoja na dawa kama spironolaktoni, simetidini na ketokonazoli, vyote vinaweza kukuza matiti. Vivyo hivyo sindano na vidonge vya kujenga misuli vinavyouzwa kwa siri kwenye baadhi ya jimu. Daktari akague kifua, akague na korodani, apime damu, na akiona shaka aagize ultrasaundi. Anayekagua kifua peke yake akakupangia tarehe hajamaliza kazi yake. Hakikisha pia kwamba amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kwamba ni bingwa wa upasuaji, tena ikiwezekana wa upasuaji rekebishi. Ni haki yako kuuliza, na mtu mwenye sifa hakasiriki akiulizwa. Kuhusu gharama, omba mchanganuo wa maandishi unaotaja chumba cha upasuaji, usingizi, maabara, fulana ya kubana na marudio ya kliniki, na uwaulize watu wa bima mapema, kwa kuwa bima nyingi huuhesabu upasuaji huu kuwa wa urembo.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi nilisimamishwa, kifua wazi, daktari akanichora mistari kwa kalamu ya wino, kwa sababu mtu akilala kifua huhama na mipaka hupotea. Nakiri kwamba dakika hizo kumi za kusimama mbele ya watu watatu zilinitesa kuliko kisu. Baada ya hapo nikapewa nusukaputi. Kwa maelezo ya daktari wangu, kifua hujazwa kwanza maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini, ambayo hubana mishipa ili damu isipotee nyingi. Kisha mafuta ya pembeni hufyonzwa kwa mrija mwembamba, na tezi yenyewe hukatwa na kutolewa kupitia ule mkato wa ukingoni. Daktari mzoefu haondoi yote. Huacha tabaka jembamba chini ya chuchu, la sivyo chuchu hudidimia kama kisosi. Kinyama kilichotolewa kipelekwe maabara kuchunguzwa, na majibu yake uyadai hata kama hakuna anayekupigia simu.

Nilipozinduka nilihisi kubanwa zaidi ya kuumwa, kana kwamba nimezungushiwa shuka lililoloa na kukazwa kwa nguvu. Koo liliwasha kwa ajili ya mrija wa kupumulia. Maumivu yenyewe yalikuja siku ya pili na ya tatu, na yalifanana na ya misuli ya mtu aliyelima shamba kutwa baada ya miaka mingi ya kutoshika jembe, ila yalichoma kila nilipotaka kujiinua kitandani kwa mikono. Nilikunywa dawa za maumivu nilizoandikiwa kwa siku nne, kisha parasetamoli ikatosha. Usijinunulie aspirini wala diklofenaki dukani bila idhini ya daktari wako, kwa sababu dawa za namna hiyo zinaweza kuongeza utokaji wa damu. Nililala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito mitatu, kwa majuma mawili. Kila upande wa kifua ulikuwa na mrija uliotoa majimaji mekundu kwenye kichupa, na muuguzi alivipima kila asubuhi mpaka siku ya tatu, yaliposhuka chini ya mililita 30 kwa siku, ndipo mirija ikatolewa. Si kila mgonjwa huwekewa mirija, lakini ukiwekewa huwezi kuificha ndani ya shati.

Hapo ndipo basi lako linapokwama. Tatizo linalowapata wagonjwa wa upasuaji huu mara nyingi kuliko mengine ni damu kukusanyika ndani ya kidonda, na kwa kawaida hutokea katika siku moja au mbili za mwanzo: upande mmoja huvimba ghafla, hukaza, na huuma kuliko mwenzake. Hilo likitokea unatakiwa urudishwe hospitali saa hiyohiyo, pengine chumba cha upasuaji. Likikukuta ukiwa kwenye basi karibu na Segera, nani atakusaidia? Kaa Dar es Salaam angalau juma moja, karibu na hospitali, mpaka kidonda kikaguliwe. Na utakaposafiri, simama na kutembea kila basi linapotua, ili damu isigande miguuni.

Na kuhusu siri, nitakueleza yaliyonipata. Nilimwambia mke wangu kwamba nakwenda semina Dodoma. Siku ya tano nikarudi nyumbani nimevaa fulana ya kubana chini ya shati pana, nikisema mgongo unauma. Jioni maji ya bomba yalikatika, mama watoto akaomba nimsaidie kuingiza ndoo ya lita 20, na kwa kuwa sikuwa na namna ya kukataa bila kueleza, nikaibeba. Usiku kifua cha kushoto kilivimba. Alfajiri ikabidi nimwambie kila kitu, tukiwa tumekaa kwenye benchi la mapokezi. Yalikuwa majimaji yaliyojikusanya, yakavutwa kwa sindano siku hiyo na tena baada ya juma moja, na namshukuru Mungu yaliishia hapo. Tangu siku ile ni yeye aliyenifunga vishikizo vya fulana kila asubuhi, kwa kuwa mikono yangu haikuweza kufika pembeni. Ni yeye aliyenichotea maji, akanisaidia kuvaa shati, na akaona kovu kabla yangu. Mwalimu, mwambie mke wako. Mwambie kabla ya kulipa. Huhitaji kumtangazia mwalimu mkuu wala majirani, lakini mtu mmoja ndani ya nyumba lazima ajue kwa nini huwezi kunyanyua ndoo, kufungua dirisha gumu au kubeba mtoto wa jirani anayekukimbilia.

Anayejua atakukinga pia na huruma za wengine. Mama yangu mzazi aliposikia kwamba nimepasuliwa alikuja na sufuria la maji ya moto na majani ya mwarobaini, tayari kunikanda kama alivyowakanda dada zangu walipojifungua. Usikubali. Ngozi ya kifua huwa imekufa ganzi kwa majuma mengi, wakati mwingine miezi, na maji ya moto yanaweza kuiunguza bila wewe kuhisi. Tena kukandwa kunaweza kuamsha damu iliyokwisha kutulia. Mafuta ya nyonyo na ya habasoda nayo yangoje mpaka kidonda kifunge kabisa na daktari aseme sawa.

Umechagua mwezi mzuri. Fulana ya kubana huvaliwa usiku na mchana kwa majuma manne hadi sita, na kipupwe cha Juni na Julai kitakuhurumia kuliko joto la kaskazi. Nunua mbili, moja ifuliwe nyingine ikiwa mwilini, na chini yake vaa singilendi nyepesi ya pamba ili jasho lisilete vipele. Kwa kuwa umenisalimu kwa salamu yetu, niongeze hili: udhu haukunisumbua, kwa maana haufiki kifuani, lakini josho, yaani kuoga mwili mzima kwa ajili ya ibada, lilinifanya nimwendee sheikh, naye akanielekeza kupangusa juu ya bendeji. Kusujudu huweka uzito mikononi, kwa hiyo majuma mawili ya mwanzo niliswali nimeketi.

Kazi ya mezani wengi huirudia baada ya juma moja. Kazi yako lakini ni ya ubaoni, na mkono unaoandika juu ya ubao huivuta ngozi palepale iliposhonwa. Majuma mawili au matatu ya mwanzo kiwiko kisipande juu ya bega. Shule ikifunguliwa, andika usawa wa kifua au mwachie mwanafunzi mmoja aandike wewe ukisoma, na sehemu ya juu ya ubao iache mpaka juma la sita litimie au daktari akuruhusu mapema. Kunyanyua vitu vizito, pushapu na mpira vingoje muda huohuo.

Nataka nikutayarishe kwa juma la tatu, kwa sababu hakuna aliyenitayarisha mimi. Uvimbe wa mwanzo ulikuwa umepungua, nilikuwa nimeanza kujitazama kwenye kioo kwa furaha, kisha siku moja nikahisi chini ya chuchu ya kulia donge gumu, kubwa kuliko la kushoto. Chuchu moja ilitazama juu, nyingine imelala. Weusi wa damu iliyovilia ulikuwa umeshuka hadi mbavuni. Niliketi kitandani nikaamini kwamba tezi imerudi na fedha zangu zimekwenda bure. Haikuwa tezi. Ni kovu la ndani linalojijenga, nalo huwa gumu kabla ya kulainika. La kwangu lililainika kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Umbo la kweli la kifua usilitafute kabla ya miezi sita, na rangi ya kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja au zaidi. Hisia za chuchu zilirudi kwangu kama sindano ndogondogo zinazodunga bila taratibu, hasa usiku, na huo ulikuwa mshipa wa fahamu ukiamka. Kama ukoo wenu una makovu yanayovimba na kukua, jambo tunalokabiliwa nalo sana sisi wenye ngozi nyeusi, mwambie daktari kabla, ili akupangie mapema kuweka silikoni juu ya kovu na, likianza kuinuka, sindano za kulituliza.

Kuhusu kurudi: tezi iliyoondolewa ipasavyo ni nadra kurudi, mradi chanzo hakipo tena. Anayetumia homoni za kujenga misuli baada ya upasuaji anaweza kuiotesha upya iliyobaki, na anayenenepa sana ataona mafuta yakijaa tena. Kwa mtu aliyepunguza kilo 11 kwa juhudi zake mwenyewe, hilo halinitii hofu.

Barua ya pili

"Tabibu, nakusalimu kutoka Mwanza. Nina miaka 49 na natumia dawa za kufubaza VVU tangu 2013. Miaka ya nyuma titi la kushoto lilianza kukua. Dawa ilibadilishwa mwaka 2020 lakini titi halikupungua. Naogopa kwamba ni saratani, na naogopa kwamba kwa hali yangu hawatakubali kunipasua."

Jibu

Ndugu yangu, mwaka 2013 wagonjwa wengi walikuwa kwenye mchanganyiko wenye efavirenzi, dawa inayojulikana kukuza matiti kwa baadhi ya wanaume. Ilipoingia dolutegraviri, ambayo Shirika la Afya Duniani liliisisitiza mwaka 2019 kuwa chaguo la kwanza, wengi walihamishiwa huko. Titi lililokua kwa muda mfupi linaweza kupungua baada ya mabadiliko hayo, lakini lililokaa miaka limeshakuwa nyuzinyuzi, na pengine hiyo ndiyo sababu lako limebaki.

Neno "pengine" nimeliandika kwa makusudi. Saratani ya titi kwa wanaume ni chini ya asilimia 1 ya saratani zote za titi, lakini hugunduliwa kwa kuchelewa kwa sababu mwanaume hatarajii kuwa nayo. Uvimbe wa upande mmoja kwa mtu wa umri wako lazima upimwe kwa ultrasaundi na, daktari akiona haja, kwa sindano ya kuchukua kinyama. Nenda juma hili hili kama donge ni gumu na liko pembeni ya chuchu badala ya chini yake, chuchu imeingia ndani, inatoa damu, ngozi imejikunja kama ganda la chungwa, au kuna tezi kwapani.

VVU vilivyofubazwa havikuzuii kupasuliwa. Nenda na kadi yako ya kliniki, mwonyeshe daktari na mtaalamu wa usingizi dawa zote unazotumia, na usiruke dozi hata moja kwa hofu ya upasuaji. Hata siku ya kufunga kula uliza umeze saa ngapi, na kwa maji kiasi gani.

Barua ya tatu

"Tabibu, shikamoo. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 13. Chuchu zake zimevimba na zinamuuma akiguswa. Wenzake shuleni wanamwita mama na wanambinya. Je, nimpeleke apasuliwe kabla mambo hayajawa makubwa?"

Jibu

Marahaba, dada. Usimpeleke kupasuliwa sasa. Katika umri huo homoni hupanda kwa kasi zisizolingana, na wavulana wengi sana, kwa makadirio mengi nusu yao au zaidi, hupata uvimbe wa namna hiyo, ambao kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Mpeleke kwa daktari mara moja ili amkague mwili mzima, korodani zikiwemo, kisha arudi kila baada ya miezi sita. Arudi haraka zaidi kama titi linakua kwa kasi, kama korodani moja ina donge, au kama uvimbe ulianza kabla hajaonyesha dalili yoyote ya kubalehe. Ukifika wakati wa kumaliza shule na uvimbe bado upo, ndipo msome kwa pamoja niliyomwandikia mwalimu wa Tanga.

Kinachohitaji hatua wiki hii ni kubinywa. Kunamuumiza mwilini, na kunamfundisha kuficha kifua kwa miaka mingine 20. Nenda shuleni wewe mwenyewe au baba yake, zungumzeni na mwalimu wa darasa faraghani, mtoto asiwepo. Na siku ya michezo akiomba kubaki na fulana wakati wenzake wamevua, aruhusiwe bila kuulizwa sababu mbele ya darasa.